Futur proche inapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Bujumbura mara kwa mara, alinionyesha ujumbe wa Kifaransa aliomwandikia mteja wake: "Je va te donner demain." Alikusudia "nitakupa kesho". Mteja akamjibu kwa swali: utanipa nini? Maneno matano tu, makosa mawili. Moja linaonekana upesi, lile "va". La pili limejificha, nalo ndilo lililozaa swali. Tutalifikia.

Futur proche, yaani wakati ujao wa karibu, husifiwa kuwa njeo nyepesi kuliko zote za Kifaransa. Chukua kitenzi aller (kwenda) katika wakati uliopo, bandika kitenzi-jina nyuma yake, basi: je vais manger, nitakula. Ni kweli ni nyepesi, mpaka siku unapotaka kukanusha, kuuliza, au kuingiza "ki-", "m-" na "ku-" katikati. Hapo ndipo sentensi zinapoanza kukohoa kama daladala la zamani kwenye mlima.

Baada ya kusahihisha madaftari mengi nimegundua kwamba makosa ya Waswahili hayafanani na ya watu wengine. Karibu kila moja lina mzizi wake ndani ya Kiswahili, na mara nyingi dawa nayo imo humohumo. Tazama:

ni-ta-ki-soma
je vais le lire

Mtendaji, alama ya wakati, kitendwa, kitenzi. Mpangilio ni uleule! Kifaransa kimeacha nafasi kati ya vipande, sisi tumevishona pamoja. Hata asili ya alama zenyewe inakaribiana: "-ta-" yetu ni kipande cha "-taka", na kitenzi hicho kizima bado kinachungulia katika "nitakapofika" na "atakayekuja". Sisi tulitengeneza wakati ujao kwa kutaka, Wafaransa wakautengeneza kwa kwenda. Shika mpangilio huo kichwani, kisha tafuta dalili yako hapa chini.

"Je manger demain", "je vais mange", "je vais mangerai"

Hizi ni dalili tatu za ugonjwa mmoja: hujaamua ni kitenzi kipi kibebe wakati. "Je manger" haina alama ya wakati kabisa. Ni sawa na kusema "mimi kula kesho". "Je vais mange" imenyambua vitenzi vyote viwili. "Je vais mangerai" imebeba wakati ujao mara mbili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia.

Kanuni ni kwamba aller peke yake ndiyo inayobadilika. Kitenzi cha pili hakiguswi, kinabaki kama kilivyo kwenye kamusi: manger, finir, vendre, être, avoir. Ukitaka ushahidi kutoka nyumbani, angalia vitenzi vyetu vya silabi moja: nitakula, nitakunywa, nitakuja. Ile "ku-" iliyobaki katikati ni ya kitenzi-jina. Kwa hiyo "nita-kula" na "je vais manger" ni ndugu wa damu.

Kuwa macho na être na avoir, maana hapo watu wazima na akili zao huandika "je vais suis". Nitakuwa mwalimu: je vais être professeur. Nitakuwa na kazi nyingi: je vais avoir beaucoup de travail. Kutakuwa na mkutano: il va y avoir une réunion. Huyu wa mwisho mmeze mzimamzima, asije akageuka "il y va avoir". Na jifunze pamoja naye "il va falloir", ambayo ni "itabidi": il va falloir partir, itabidi kuondoka. Hutumika kila siku, lakini wanaoanza hawaifikirii.

"Je vais mangé"

Hili ni kosa la kalamu tu. Mdomoni halisikiki, kwa sababu manger, mangé na mangez hutamkwa sawa kabisa. Ndiyo maana hata watoto wa Ufaransa hulifanya, na walimu wao huwapa ujanja ambao nawe unaweza kuuazima: badilisha kitenzi kwa muda, weka vendre (kuuza). Ukisikia "je vais vendre", basi andika -er: je vais manger. Ukisikia "j'ai vendu", andika -é: j'ai mangé. Hakuna mtu atakayesema "je vais vendu", kwa hiyo sikio litakuokoa pale jicho linapodanganywa.

Ni hivyohivyo kwa jinsia na wingi. Ukishajifunza "elle est partie" (ameondoka) na "elles sont parties" (wameondoka), mkono unazoea kuongeza e na s kila mahali. Hapa usiongeze chochote: elle va partir, elles vont partir. Kitenzi-jina hakijali wanaume wala wanawake.

"Je va", "on allons", "ils va"

Aller ni kitenzi kikorofi, na hakuna njia ya mkato. Je vais, tu vas, il va, elle va, on va, nous allons, vous allez, ils vont, elles vont. Maumbo sita. Yaimbe asubuhi ukipiga mswaki kwa wiki moja, yataingia.

Chanzo cha "je va" ni sikio: vas na va hutamkwa kitu kimoja, basi msemaji anaona hata yeye mwenyewe anastahili va. Usione haya sana, maana Wafaransa wenyewe waligombana juu ya neno hili. Inasimuliwa kwamba Dominique Bouhours, padri Mjesuti na mwanasarufi aliyefariki Paris mwaka 1702, alitumia pumzi zake za mwisho kutoa somo la sarufi: "Je vais ou je vas mourir, l'un et l'autre se dit." Ninakwenda kufa, kwa vais au kwa vas, yote mawili husemwa. Maneno hayo husimuliwa kwa namna mbalimbali, na huenda ni hadithi ya kuchekesha tu, lakini angalia jambo moja: njeo aliyoichagua ni futur proche, na kwa hali yake ilikuwa karibu kweli. Leo vais ndiyo sahihi, vas imebaki mitaani na vijijini.

Chanzo cha "on allons" ni maana. On huwa na maana ya "sisi" katika mazungumzo ya kila siku, basi mtu anapeleka maana hiyo kwenye kitenzi. On hufuata il na elle daima, hata mkiwa mia moja: on va manger, tutakula. Ukiwa na Wafaransa utasikia on va mara nyingi kuliko nous allons, kwa hiyo afadhali uizoee mapema.

Matamshi kidogo: nous allons husikika "nuzalon", vous allez "vuzale", ile s isiyosomwa ikigeuka z mbele ya irabu. Va haiungani na chochote wala haikatwi: il va arriver, a mbili zikigongana. "Il v'arriver" haipo.

"Je vais à manger", "je vais pour acheter"

Aller ikiwa ni safari ya kweli inahitaji à kabla ya mahali: je vais à l'école, je vais au marché. Mtu amezoea hiyo à, anaipeleka na kwenye kitenzi. Wengine wameambukizwa na commencer à (kuanza) na apprendre à (kujifunza). Na wale wa "pour" wanatafsiri "naenda kwa ajili ya kununua". Hakuna daraja kati ya aller na kitenzi-jina. Nenda moja kwa moja: je vais acheter du riz.

Sasa utauliza, je, "je vais acheter du riz" ni "nitanunua mchele" au "naenda kununua mchele"? Yote mawili. Kiswahili chetu kinaujua utata huu vizuri. Mtu akikuambia "naenda kulala" hujui kama ameshika njia ya chumbani au anakueleza tu mpango wake, na wala haikusumbui. Mwache msikilizaji aamue kwa mazingira, kama unavyofanya kwa Kiswahili.

"Je ne pas vais manger", "je vais manger pas"

Kwetu kikanusho ni kipande kimoja kinachokaa mwanzoni: sitakula, hatutakula, hawatakula. Mtu anabeba ne na pas, vikanusho vya Kifaransa, kama furushi moja na kulitupa mbele. Kifaransa kinataka ne ikae upande huu wa aller na pas upande ule, kitenzi kilichobadilika kikiwa katikati kama nyama ya sambusa: je ne vais pas manger, nous n'allons pas partir. Katika maongezi ne huanguka, unasikia "je vais pas manger". Isikilize, itumie na marafiki, lakini kwenye mtihani na barua irudishe.

Maneno mengine ya kukanusha hukaa palepale pa pas: je ne vais plus fumer (sitavuta tena), je ne vais jamais oublier (sitasahau kamwe), je ne vais rien acheter (sitanunua kitu chochote). Halafu anakuja personne, anaharibu sherehe. Yeye hukaa baada ya kitenzi-jina: je ne vais voir personne, sitamwona mtu yeyote. Nulle part naye yuko upande wake: je ne vais aller nulle part. Kwa Kiswahili "kitu chochote" na "mtu yeyote" hukaa mahali pamoja, kwa hiyo Mswahili hapa hana wa kumsaidia. Kariri jozi hii, "rien acheter, voir personne", uirudie kama wimbo.

Kuna mahali ambapo ne na pas hukaa pamoja kweli, na mahali hapo Kiswahili kinapajua: ni pale unaposema "kuto-". Nimeamua kutokula, j'ai décidé de ne pas manger. Ukijisikia unataka kusema kuto-, ziunganishe. Ukisema sita-, zitenganishe.

"Je le vais voir", "je vais voir le"

Tumefika kwenye karakana kuu. Sentensi nyingi za futur proche zinazokufa, hufia hapa.

"Je vais voir le" hutoka kwa mtu anayeweka kiwakilishi mwishoni kama angeweka jina. "Je le vais voir" hutoka kwa mtu aliyefundishwa kwamba kiwakilishi hukaa kabla ya kitenzi, "je le vois", akakiweka kabla ya kitenzi cha kwanza alichokutana nacho. Huyu wa pili angekuwa sawa Ufaransa ya karne ya 17, maana ndivyo walivyoandika wakati huo. Amechelewa tu miaka mia tatu na ushei.

Leo kiwakilishi hukaa kabla tu ya kitenzi-jina, yaani pale pale Kiswahili kinapokiweka:

ni-ta-mw-ona: je vais le voir
tu-ta-wa-alika: nous allons les inviter
a-ta-ni-saidia: il va m'aider
si-ta-ki-soma: je ne vais pas le lire

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: ukikwama, sema neno kwa Kiswahili polepole, kata vipande, kisha peleka kila kipande upande wa pili bila kubadilisha foleni. Mtendaji, wakati, kitendwa, kitenzi. Kukanusha kunaongeza ile sambusa ya ne na pas kuzunguka vais, basi. Foleni haivunjiki.

Lakini foleni ikishakaa sawa, inabaki kujua nani anasimama ndani yake. Hapa Kiswahili kinakuficha mambo mawili.

La kwanza: "-m-" yetu haitofautishi anayetendwa na anayetendewa. Nitamwona, nitamwambia, nitampigia, zote -m- au -mw-. Kifaransa kina le au la kwa anayetendwa moja kwa moja, na lui kwa yule ambaye kitenzi humfikia kwa kupitia à. Voir quelqu'un, kwa hiyo je vais le voir. Dire à quelqu'un, kwa hiyo je vais lui dire. Téléphoner à quelqu'un: je vais lui téléphoner. Appeler quelqu'un: je vais l'appeler. Vitenzi viwili vya mwisho vina maana moja, kumpigia simu, na bado vinadai viwakilishi tofauti. Usitafute mantiki, kila unapojifunza kitenzi kipya, kijifunze pamoja na à yake kama anayo.

La pili ndilo lililomkamata yule rafiki yetu wa vitenge. Kiswahili huruhusu kitendwa kimoja tu ndani ya kitenzi. "Nitakupa": -ku- ni wewe, na kile kinachotolewa hakitajwi, kwa sababu sote tunakijua. Kifaransa hakikubali kukaa kimya namna hiyo. Donner inataka kuambiwa kinachotolewa ni nini. "Je vais te donner" inaning'inia hewani, msikilizaji anasubiri neno linalofuata, lisipokuja anauliza: utanipa nini? Sentensi iliyokamilika ni je vais te le donner, na kwa kuwa vitenge ni vingi, je vais te les donner. Dalili ni rahisi kuitambua: mtu akikujibu kwa "quoi ?" baada ya sentensi uliyoiona imetimia, kuna le, la au les uliyoimeza. Hali ni hiyohiyo kwa nitakuonyesha (je vais te le montrer), nitakutumia (je vais te l'envoyer), na nitakuletea (je vais te l'apporter).

Viwili vikikutana, me, te, nous na vous hutangulia: te le, me les, vous l'. Lui na leur hukaa nyuma: je vais le lui donner, je vais les leur envoyer.

Y na en ziko kwenye foleni hiyohiyo. Nitaenda huko: je vais y aller. Wapo wanaoogopa "vais" na "aller" kukaa pamoja, wakidhani wamerudia neno. Usiogope, la kwanza ni alama ya wakati, la pili ndiyo safari yenyewe. Nitanunua mawili: je vais en acheter deux, na hiyo en usiiache hata kama kwa Kiswahili huoni kazi yake.

"Nous allons se reposer", "je vais se laver"

Kosa hili nikiliona najua mwandishi ni Mswahili au jirani yake. "-ji-" yetu haibadiliki kwa nafsi yoyote: nitajipamba, utajipamba, atajipamba, tutajipamba. Mtu anatafuta -ji- ya Kifaransa, anaikuta se katika kamusi, anaitumia kwa watu wote. Se ni ya nafsi ya tatu tu. Inabidi ilingane na mtendaji: je vais me laver, tu vas te laver, elle va se laver, nous allons nous laver, vous allez vous laver, ils vont se laver.

Nous allons nous inaonekana kama kigugumizi, lakini ndivyo ilivyo. Ukichoka nayo, kimbilia on, ambayo kama tulivyoona ni nafsi ya tatu: on va se reposer, tutapumzika. Hapo se inarudi kihalali.

Kuna jambo la kuudhi pia: vitenzi vingi vya kundi hili kwetu havina -ji- yoyote. Kuamka, kupumzika, kulala, kuharakisha. Se lever, se reposer, se coucher, se dépêcher. Kiswahili hakitakukumbusha kuweka kiwakilishi, ni kazi ya kamusi.

"Va-il pleuvoir ?", "Va le bus partir ?"

Kuuliza kwa Kifaransa kuna njia tatu, na mbili kati yake hazihitaji kugeuza chochote. Pandisha sauti: tu vas venir ? Au tanguliza est-ce que, ambayo ni "je" yetu: est-ce que tu vas venir ? Katika mazungumzo hata neno la kuulizia hukaa mwishoni kama kwetu: utalala wapi, tu vas dormir où ? Utafanya nini, tu vas faire quoi ?

Njia ya tatu, ya kugeuza, ni ya barua na mitihani: vas-tu venir ? Kwa il, elle na on unaingiza t ili irabu zisigongane: va-t-il pleuvoir ? Ni kistari pande zote mbili, bila apostrofi. Na jina halirukishwi nyuma ya va. Linabaki mbele, kisha kiwakilishi kinalirudia: le bus va-t-il partir?

"Je suis allé t'appeler"

Rafiki amekupigia simu sekunde chache kabla hujampigia wewe. Kwa Kiswahili unasema "nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi!" Kwa Kifaransa, mtu anaona wakati uliopita, anachukua passé composé, njeo ya jambo lililokwisha kutendeka, na anaambulia sentensi inayosema alifunga safari kwenda kupiga simu. Dawa ni imparfait, njeo ya "nilikuwa na-": j'allais t'appeler !

Aller ya wakati ujao inaishi katika nyumba mbili tu, wakati uliopo na imparfait. Ukiihamishia nyumba nyingine yoyote inarudia kazi yake ya zamani ya kutembea. Je suis allé manger: nilikwenda kula. J'irai manger: nitakwenda kula, kwa miguu au kwa gari. Hakuna utabiri wala nia humo, ni safari tu.

Na katika imparfait kuna kisa ambacho hakikutimia: j'allais sortir quand il a plu, nilikuwa nataka kutoka, mvua ikanyesha.

Unasema umeshakula, unaletewa sahani

Hii si futur proche, lakini ni pacha wake wa upande wa pili, na wanafunzi huwachanganya. Venir de pamoja na kitenzi-jina huonyesha jambo lililoisha sasa hivi: je viens de manger. Tuna picha ileile: natoka kula. Ukiacha de, unabaki na je viens manger, nakuja kula. Mwenyeji wako hana kosa akikuwekea ugali.

"Je vais partir après cinq minutes"

Baada ya dakika tano, après cinq minutes. Tafsiri inaonekana safi. Ila Kifaransa kikihesabu muda kuanzia sasa hivi kwenda mbele hutumia dans: je vais partir dans cinq minutes. En cinq minutes ni kitu kingine, ni muda kazi inaochukua: nitaimaliza kwa dakika tano. Na "wiki ijayo" ni la semaine prochaine, prochaine ikiwa nyuma kama "ijayo" yetu.

Sentensi haina kosa, lakini Mfaransa anakunja uso

Hapa sarufi imepona, ila maana ndiyo inayoumwa. Kiswahili kina -ta- moja kwa kesho na kwa kiyama. Kifaransa kina mbili, je vais manger na je mangerai, na mtu huambiwa ya kwanza ni ya karibu, ya pili ni ya mbali. Jina lenyewe, proche, linapotosha. Mtu anaweza kusema kwa usahihi kabisa dans dix ans, je vais avoir cinquante ans. Miaka kumi si karibu!

Kipimo kizuri zaidi ni hiki: je, dalili za jambo hilo zipo tayari? Mawingu yametanda, upepo umebadilika, unasema mvua inataka kunyesha: il va pleuvoir. Mtoto yuko ukingoni mwa kitanda: tu vas tomber ! Elle va avoir un bébé, na tumbo linaonekana. Ukisema elle aura un bébé, umetoa ahadi au utabiri wa siku moja huko mbele, na ndugu zake wanaweza kukuuliza umejuaje. Futur simple, yaani hiyo ya je mangerai, ndiyo pia lugha ya matangazo na maandishi rasmi: le magasin sera fermé lundi.

Ukitaka kuijenga hiyo futur simple, miisho yake unaijua tayari kuliko unavyodhani: tu mangeras kama tu vas, il mangera kama il va, nous mangerons kama nous allons, vous mangerez kama vous allez, ils mangeront kama ils vont. Ni je mangerai peke yake inayotengana kidogo na je vais, na hata hiyo kwa maandishi zaidi kuliko kwa sauti.

Kuna milango miwili ambayo futur proche hupigwa breki. Wa kwanza ni si. "Si tu vas venir demain" ni tafsiri ya "kama utakuja kesho". Sahau "kama uta-", sema "ukija kesho". Umeona? -ki- haina wakati ujao ndani yake, na Kifaransa nacho hakitaki: si tu viens demain, on va manger ensemble. Wa pili ni quand, nao uko kinyume. Hapa sema "nitakapofika", yenye -taka- kamili, na Kifaransa kitakuomba futur simple: quand j'arriverai, je vais t'appeler, au je t'appellerai. Huko Québec, Kanada, utasikia quand je vais arriver bila mtu kushtuka, lakini mtihani wa Paris utakukatia alama.

Usisahau pia kwamba futur proche inaweza kuwa amri. Mama anayesema tu vas manger ta soupe haagui mustakabali wa mtoto wake. Anasema "utakula tu".

Umegongewa mlango, umejibu "je vais venir"

Sarufi safi, viwakilishi vimekaa, matamshi hayana kasoro, na bado aliye nje anasimama akishangaa: utakuja lini? Umepitiliza. Kwa Kiswahili mtu akigonga hatusemi "nitakuja", tunasema "nakuja!", hata kama tungali tunatafuta ndara chini ya kitanda. Kifaransa nacho hutumia wakati uliopo, ila kwa kitenzi cha kufika: j'arrive !